Kompresa inatoa upepo kiasi gani hasa? Kibandiko, tangi, tundu, pipa na mita

Kununua kompresa Mombasa na kuifikisha Lamu ni kuilipia mara mbili. Kuna bei ya dukani, halafu kuna gari hadi Mokowe, boti hadi gatini, na punda au hamali wa kuipitisha vichochoroni mpaka karakanani. Ikishafika ukagundua haiwezi kulisha bunduki ya rangi, kuirudisha ni kulipia njia ileile tena, na muuzaji naye atakuwa na lake: "Kwani kibandiko kinasemaje, bosi? Si futi kumi na mbili za upepo kwa dakika hizo?"

Kibandiko mara nyingi hakisemi uongo. Kinajibu swali ambalo hukuliuliza. Fundi anataka kujua upepo unaotoka kwenye paipu mashine ikiwa imepata moto na presha iko pale anapofanyia kazi. Kibandiko cha mashine nyingi za pistoni za bei ya chini kinataja hewa ambayo pistoni ingevuta lau hakuna kinachopotea njiani. Kati ya namba hizo mbili hupotea theluthi nzima, wakati mwingine zaidi.

Kwa fundi wa panchari tofauti hiyo haiumi sana. Anajaza gurudumu la bodaboda, kisha mashine inapata muda wa kujaza tangi huku yeye akitafuta tundu kwenye tyubu nyingine. Anayeumia ni fundi wa boti za faiba. Msasa wa upepo na bunduki ya jelkoti (ile resini ya rangi inayofunika faiba kwa nje) havina subira: presha ikishuka katikati ya ubavu wa boti, bunduki inaanza kutema matone, na sehemu ile yote hurudiwa kwa msasa kesho yake. Fundi huyu ndiye ninayemfikiria zaidi hapa.

Njia za kupima ninazolinganisha ni tano. Msimamo wangu nautaja mapema ili usisome ukibahatisha: kwa mtu mwenye mashine moja karakanani kwake, tangi na saa vinatosha, mradi awe na subira ambayo wengi hawana. Tundu ndilo la pili, na kwa kazi ya rangi nalipenda kuliko tangi. Nyingine tatu zina mahali pake, lakini ni pembamba.

Kwanza tuelewane kuhusu lita yenyewe. Mtu akisema lita 200 kwa dakika, anamaanisha lita za hewa kama ilivyo nje, kabla haijabanwa. Hewa hiyo ikiingia kwenye tangi lenye bar 7 za geji (bar ni kipimo cha presha) hukaa kwenye nafasi ya lita 25 tu. Geji huanza kuhesabu sifuri pale ambapo hewa ya nje tayari inasukuma kwa bar 1.01, kwa hiyo bar 7 za geji ni bar 8 za presha kamili, yaani pamoja na ile ya nje. ISO 1217, kiwango cha kimataifa cha kupimia kompresa za aina hii, nacho hurudisha hewa yote kwenye hali iliyokuwa nayo pale ilipovutwa. Anayekutajia CFM anahesabu futi za ujazo kwa dakika. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3.

Kibandiko na hesabu ya pistoni

Hii haihitaji hata umeme. Unahitaji upana wa silinda, mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini, idadi ya silinda, na mizunguko kwa dakika. Tuchukue mashine ya silinda mbili, kila moja upana wa mm 65, mwendo wa mm 50, mizunguko 1,000. Eneo la silinda moja ni sentimita za mraba 33.2. Zidisha kwa mwendo wa sentimita 5, upate sentimita za ujazo 166. Silinda mbili, 332. Kwa mizunguko 1,000 ni lita 332 kwa dakika, yaani CFM 11.7. Ndiyo hiyo futi kumi na mbili ya dukani.

Sasa kwa nini hazitoki zote? Pistoni haigusi kichwa; hubaki nafasi ndogo juu yake. Hewa iliyobanwa ndani ya nafasi hiyo haitoki kwenda kwenye tangi. Pistoni ikishuka, hewa hiyo hupanuka tena na kukalia mahali pa hewa mpya. Ikiwa nafasi hiyo ni asilimia 5 ya mwendo wote, basi tangi likiwa na bar 8 za geji inaiba kama asilimia 22 ya kila mvuto. Tangi likiwa na bar 3 inaiba chini ya asilimia 10. Jumlisha hapo filta iliyojaa vumbi na mchanga, kichwa cha moto kinachopasha hewa kabla haijabanwa, na upepo unaopenya kwenye ringi na valvu. Mashine nzima ya hatua moja, yaani inayobana hewa mara moja tu, mara nyingi hubaki na asilimia 60 hadi 70 ya hesabu ya pistoni kwenye presha ya kazi. Kumbuka pia somo lililojificha humo: kiasi cha upepo hubadilika na presha. Anayekutajia lita bila kutaja bar hajakwambia kitu.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inaweka dari. Mashine haiwezi kutoa zaidi ya kile pistoni zake zinachofagia, hata iwe mpya namna gani. Inanasa ujanja wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kompresa ya hatua mbili, ile yenye silinda moja kubwa na moja ndogo. Silinda kubwa pekee ndiyo inayovuta hewa ya nje. Ndogo hubana tena ileile iliyotoka kwa kubwa. Anayejumlisha zote mbili amehesabu upepo mmoja mara mbili. Wa pili ni wa mashine za mota iliyoungana moja kwa moja na pistoni, ambazo kibandiko chake kimeandikwa kwa nchi yenye umeme wa hertz 60 kama Marekani. Mota ya mizunguko 3,450 kule, kwa hertz 50 za Kenya inazunguka kama 2,850. Asilimia 17 zimekwenda kabla hujafungua koki.

Kwa mashine ya mtumba hesabu hii haisaidii peke yake. Ringi zilizokwisha hazionekani kwa kalipa ya kupimia upana.

Tangi na saa

Kanuni ni fupi: ujazo wa tangi kwa lita, mara bar zilizoongezeka, gawa kwa 1.01, gawa kwa dakika zilizotumika. Kila fundi ameifanya kwa namna fulani, hata kama hakuandika hesabu. Wengi huanza tangi likiwa tupu, wanawasha, wanangoja swichi ya presha ikate, wanaangalia saa. Jibu wanalopata huwa tamu kuliko ukweli, na sababu ni mbili.

Ya kwanza tumeshaigusa. Kutoka sifuri hadi bar 4 mashine inafanya kazi nyepesi, na upepo huo mwingi wa mwanzo unapandisha wastani. Kama kazi yako iko bar 6, pima kuizunguka bar 6: anza 5, malizia 7 na kidogo.

Ya pili ni joto, na hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Hewa inayoingia kwenye tangi ni ya moto, na ile iliyokuwemo nayo hupata moto kwa kubanwa zaidi. Hewa ya moto huonyesha presha kubwa kuliko wingi wake. Zima mashine, funga kila kitu, kisha ukodolee mshale wa geji: unaanza kushuka taratibu. Fundi husema tangi linavuja, akaanza kukaza nati. Mara nyingi halivuji. Hewa inapoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mashine ifanye kazi kwanza mpaka kichwa kipate moto wake wa kawaida. Fungua koki ya chini umwage maji yote. Acha tangi kwenye bar 5 na usubiri mpaka mshale usimame kabisa. Washa kwa dakika moja kamili, uzime kwa mkono kabla swichi haijakata yenyewe. Tuseme kwenye mashine yetu mshale unasoma 7.5. Usiandike hiyo kama jibu. Kaa, kunywa chai, rudi baada ya robo saa au zaidi, tangi likiwa limerudi kwenye hali liliyokuwa nayo ulipoanza. Sasa mshale uko 7.2 na hautikisiki.

Kwa tangi la lita 100, ile 7.5 ingekupa lita 247 kwa dakika. Ile 7.2 inakupa 218. Tofauti ni asilimia 13, yote imetokana na kutosubiri. Na 218 kati ya 332 za pistoni ni asilimia 66: mashine hii ni nzima kabisa, ingawa kwa lugha ya dukani "imepoteza" futi nne.

Kama mshale unaendelea kushuka hata baada ya tangi kupoa, hapo ndipo kuna mvujo wa kweli. Povu la sabuni litaonyesha kwenye maungio. Ukisikia mluzi mdogo usiokoma chini ya swichi ya presha wakati mashine imezimwa, mshukiwa ni valvu inayozuia upepo usirudi kichwani. Irekebishe kwanza, maana kipimo chochote cha tangi kitakuwa cha uongo.

Yapo mengine matatu ya kuangalia. Geji ndogo zinazokuja na mashine hizi mara nyingi ni za daraja la 2.5, maana yake kosa linaloruhusiwa ni asilimia 2.5 ya kipimo chote. Kwa geji ya bar 12 hiyo ni bar 0.3, wakati sisi tunapima ongezeko la bar 2.2 tu. Geji kubwa ya daraja la 1.0 au 1.6 ni fedha iliyotumika vizuri, na chumvi ya pwani hii haitaiachia umri mrefu, kwa hiyo ihifadhi ndani na uifunge siku ya kupima tu.

Maji ndiyo la pili, na kwetu si jambo dogo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Mashine ya lita 218 ikifanya kazi saa nzima mfululizo huvuta mita 13 za hewa hiyo. Ikibanwa na kupoa ndani ya tangi, karibu robo lita ya maji hubaki chini. Fanya kazi saa nne kila siku kwa siku sita bila kufungua koki, tangi lako la lita 100 limekuwa la lita 94, na hesabu yako imeongeza upepo ambao haupo. Kutu iliyoanza chini humo ni habari nyingine, na ni ya hatari zaidi. Tangi la zamani lenye tumbo lililokwaruzika kwa kutu lisipimwe kwa upepo. Lijazwe maji na kusukumwa kwa pampu ya maji kwanza, mbele ya anayejua, kwa sababu tangi likipasuka likiwa na maji hurusha maji, na likipasuka likiwa na upepo hurusha chuma.

Tatu ni kwa waliopimiwa mashine Nairobi. Kule hewa ya nje inasukuma kwa kama bar 0.83, si 1.01. Anayetumia kanuni ya pwani bila kubadilisha namba hiyo ataikosea mashine kwa karibu asilimia 18 na kuiona mbovu. Mashine ileile ikishuka Lamu hujaza tangi haraka zaidi bila mtu kuigusa.

Kipimo cha tangi na saa ni rahisi, kinahitaji geji nzuri tu, na kinatosha kufuatilia afya ya mashine moja mwaka hadi mwaka. Kasoro yake ni moja, lakini nzito kwa fundi wa rangi: kinapima dakika moja. Hakikwambii mashine itakuwaje baada ya nusu saa.

Tundu

Hapo ndipo tundu linapoingia. Upepo ukitoka kwenye tangi kupitia tundu dogo, na presha ya ndani ikiwa zaidi ya kama mara mbili ya presha ya nje, mwendo wake ndani ya tundu hufikia kasi ya sauti na hauwezi kupita hapo. Kuanzia hapo kiasi kinachotoka hufuata presha kamili ya ndani peke yake: presha ikipanda kwa asilimia 10, upepo unaotoka nao unapanda kwa asilimia 10. Maabara hupima gesi kwa mdomo maalumu uliochongwa kwa kanuni hii. Karakanani unatoboa kizibo cha shaba chenye nyuzi, unakifunga baada ya koki pana iliyo karibu kabisa na tangi, unafungua mashine ikiendelea kufanya kazi, na unasubiri mshale utulie. Pale unapotulia, kinachoingia kimelingana na kinachotoka.

Shida ni kujua tundu lenyewe linapitisha kiasi gani. Vitabu vya fundi vina majedwali, lakini tundu la mm 2 kwa bar 6 linaweza kupitisha lita 160 au lita 255 kwa dakika kutegemea ukingo wake: umekatwa mkali, au umeviringwa vizuri upande upepo unakoingilia. Biti ya mm 2 iliyopinda kidogo ikitoboa 2.2, umeshaongeza asilimia 21. Anayechukua namba ya jedwali na kuiamini anapima uwezo wake wa kutoboa.

Kuna dawa ya bei rahisi: tundu lipimwe kwa tangi lako mwenyewe. Zima mashine, tangi likiwa limetulia kwenye bar 7. Fungua koki ya tundu kwa sekunde 30 kamili, funga. Subiri mshale utulie, maana safari hii hewa imepoa kwa kupanuka na mshale utapanda kidogo. Tuseme umetulia 5.9. Tangi la lita 100 limepoteza bar 1.1, ambayo ni lita 109 kwa nusu dakika, yaani 218 kwa dakika. Wastani wa presha wakati upepo ukitoka ulikuwa kama bar 6.4 za geji, au 7.4 kamili. Gawa: tundu hili linapitisha lita 29.5 kwa kila bar moja kamili. Lichonge namba hiyo ubavuni, ni lako maisha.

Sasa washa mashine, fungua tundu, acha. Mshale ukitulia bar 6.2, presha kamili ni 7.2, na mashine inatoa lita 212. Inakaribiana na zile 218 za tangi kiasi cha kutia moyo. Usizime. Nusu saa baadaye rudi utazame. Mshale umeshuka hadi 5.8? Hizo ni lita 201, na ndizo atakazokutana nazo fundi akifika nusu ya boti. Kichwa kimepata moto, valvu zimelegea kidogo, mkanda pengine unateleza. Kupanga kazi kwa 218 hapo ni kujidanganya.

Wenye biti za mm 1.5, 2 na 2.5 watoboe vizibo vitatu, kila kimoja kikiwa na namba yake. Tundu kubwa mno huangusha presha hadi pasipo na maana, dogo mno huacha swichi ikate. Ukiwa na vitatu unapata lita za bar tofauti, na hapo unaiona mashine nzima, si nukta moja.

Linapiga kelele kali. Ziba masikio, geuza tundu lielekee ukutani na si njiani wanapopita watu na punda, na mkono usipite mbele yake: upepo wa presha hiyo huingia chini ya ngozi. Mashine za pistoni pia hazikuumbwa kukimbia bila kupumzika, kwa hiyo nusu saa ya mtihani inatosha.

Pipa

Hii ndiyo njia isiyobishika, na kwa Lamu ambako bahari iko mlangoni inavutia. Pipa lililokatwa upande mmoja linajazwa maji na kupinduliwa baharini mdomo ukiwa chini. Koki ya tangi inabanwa mpaka geji ishikilie bar 6 mashine ikiendelea, paipu inaachwa itoe mapovu kwanza, halafu mdomo wake unasukumwa chini ya pipa na saa inaanza. Mapovu yakitokea ukingoni pande zote, saa inasimama. Hakuna geji ya kubishania wala joto la kungojea, kwa kuwa hewa ikipita kwenye maji huchukua nyuzi za maji. Imebaki lita na sekunde.

Kazi yenyewe sasa. Pipa la lita 200 likijaa hewa chini ya maji linasukuma juu kwa uzito wa kilo 180 na zaidi, na vijana wawili waliolikalia wataogeshwa. Lifungwe kwa kamba kwenye mawe au nanga. Mdomo wake ukiwa sentimita 90 chini ya maji, hewa ndani imebanwa kwa bar 0.09 zaidi, basi ongeza asilimia 9 kwenye jibu. Ujazo upimwe kwa kumimina maji ya kipimo, maana "lita 200" ni jina tu. Na usijaribu kupunguza taabu kwa dumu la lita 20: mashine yetu italijaza chini ya sekunde sita, na ukichelewa sekunde moja kubonyeza saa umekosea kwa asilimia 17.

Nani ahangaike hivyo? Watu wawili wanaogombana. Muuzaji na mnunuzi waliokwisha kutajiana hesabu mpaka wakachoka huweza kusimama ufukoni na kuona pipa likijaa. Kwa matumizi ya kila mwezi, hapana. Paipu ndefu kutoka karakanani hadi majini nayo hupunguza upepo, kwa hiyo njia hii inafaa zaidi kompresa ya petroli inayobebeka.

Mita

Zipo za bomba la kioo lenye kielea kinachopanda na upepo, na zipo za elektroniki zinazopima jinsi upepo unavyopoza waya wa moto. Za kioo zina mtego: mistari yake imechorwa kwa presha fulani. Iliyochorwa kwa hewa ya kawaida ukiifunga kwenye bar 6 itasoma pungufu. Jibu sahihi ni kile inachosoma mara 2.65, yaani kipeuo cha pili cha 7, zile bar 7 kamili. Hakikisha pia kioo chake kinaruhusiwa presha hiyo. Za elektroniki ni sahihi sana pale ambapo upepo ni mkavu na safi. Upepo wa kompresa ya pistoni Lamu si mkavu wala si safi, una matone ya maji na ukungu wa mafuta, na tone moja kwenye waya linabadilisha usomaji. Ukiinunua, nunua na kikausha upepo, na hapo bei imeshapita ya mashine ndogo yenyewe. Mwenye karakana ya kutengeneza kompresa za watu, au hoteli yenye mitambo kadhaa, atairudisha fedha yake. Fundi mmoja hapana.

Kwa nani, ipi

Uko dukani Mombasa, mashine mpya, muuzaji hataki ikae saa nzima: fanya hesabu ya pistoni kwa simu, kisha omba akuruhusu ujaze kutoka bar 5 hadi 7. Hutapata muda wa kungojea ipoe, basi punguza asilimia 10 hadi 15 kwenye jibu na utakuwa karibu. Ni mtumba: usiridhike na hilo, beba kizibo chako cha tundu na uiachie ikimbie. Mwenye mashine anayekataa isikimbie dakika ishirini amekujibu tayari. Iko kwako na inaonekana kuchoka: tangi na saa, kipimo kilekile kila mwaka, geji ileile, msimu uleule, kwa sababu hewa ya kaskazi na ya kusi hazina joto sawa.

Halafu linganisha na chombo. Bunduki nyingi za HVLP, zile za upepo mwingi na presha ndogo, huomba lita 250 hadi 400 kwa dakika, na msasa wa upepo wa mviringo uko humohumo. Mashine yetu ya "futi kumi na mbili", yenye lita 201 ikiwa ya moto, haiwezi kuzilisha mfululizo hata tangi lake liwe kubwa namna gani. Tangi kubwa linachelewesha tu kushuka kwa presha. Inaweza kulisha bunduki ndogo za LVLP, zile za upepo kidogo na presha ndogo, nyingi zikitaka lita 100 hadi 150, na kubakiwa na nafasi ya kupumzika. Ukitaka kupiga jelkoti kwa HVLP ya lita 300, tafuta mashine ambayo tundu limeipima kwa lita 400 au zaidi baada ya nusu saa, na kabla ya kulipa uulize kama umeme wa karakana yako, mwisho wa laini ambako volti hushuka jioni, utaweza kuiwasha mota ya ukubwa huo.